Fundi Sikio na Gari Bubu

Wahenga waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame walikuwa wakifikiria kitanda. Kitu kimeviringika hadi chini ya kitanda, nawe umesimama wima unakiamuru kitoke. Hakitoki. Hakijali umri wako wala cheo chako, na sauti yako haikitishi. Itakubidi upige magoti, uinamishe kichwa na kuupeleka mkono kwenye vumbi, ndipo ukipate. Maana yake ni kwamba anayetafuta jambo la thamani hana budi kukubali kujishusha kwa ajili yake. Hayo hata mtoto anayaelewa. Lisiloeleweka upesi ni kwamba kuna kuinama kwa mgongo na kuna kuinama kwa moyo, na huko kwa pili ndiko kunakouma. Fundi mmoja wa magari alikujua kule kwa kwanza tangu ujana wake. Kule kwa pili alijifunza akiwa tayari ana mvi.

Jina alilopewa fundi huyo na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahauliwa hata na majirani. Watu wote walimwita Sikio. Ukimpelekea gari bovu hakukuuliza lina nini. Alikuambia uliwashe, kisha akachukua bisibisi yake ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Gereji nzima ilinyamaza. Mmoja wa mafundi wake wawili alizima redio bila kuambiwa. Baada ya muda Sikio alifumbua macho na kutoa hukumu.

"Vali imelegea. Halafu wewe bwana unaendesha huku mguu umeulaza kwenye klachi. Acha tabia hiyo."

Mwenye gari alibaki mdomo wazi, maana tabia hiyo alikuwa nayo kweli na hakuwahi kumwambia mtu. Sifa za namna hiyo ni tamu, na Sikio alikuwa mpenda utamu. Gereji yake ilikuwa ya mabati pande zote, sakafu ya saruji iliyogeuka nyeusi kwa oili, na viti vya wateja vilikuwa ni viti vya magari yaliyokwisha kufa. Upande mmoja bati lake lilipakana na kibanda cha kinyozi. Humo ndani Sikio alikuwa mfalme, na mfalme haambiwi kwamba nguo imechanika.

Aliyethubutu kumwambia alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake mdogo. Binti huyo alikulia pale gereji. Kila alipotoka shule alivua sare na kuingia kazini. Sheria ya pale ilikuwa kwamba mgeni yeyote huanza kwa kuosha nati kwenye beseni la mafuta ya taa, na katika kipindi hicho haulizi chochote. Binti aliosha nati, lakini kuuliza hakuacha. Mapenzi yake yalikuwa kwenye nyaya. Daima alikuwa na kipande cha waya amekizungusha mkononi kama bangili. Siku moja, gereji ikiwa imejaa wateja, alisema kwa adabu kabisa kwamba magari yajayo hayatakuwa na injini ya kusikilizwa, na kwamba ingekuwa vizuri mjomba anunue mota moja ya umeme ili waanze kujifunza.

Sikio alicheka hadi akashika kiuno. "Gari lisilo na injini ni kabati lenye magurudumu," alisema. "Na wewe kuanzia leo jina lako ni Waya. Ukitaka kuuza makabati, nenda kwa maseremala."

Wateja wakacheka mpaka machozi. Binti aliweka spana chini, akafuta mikono yake taratibu, akasema, "Haya, mjomba. Nimekusikia." Akatoka, na hakurudi tena.

Tangu siku hiyo walikuwa wakikutana kwenye shughuli za ukoo tu. Yeye alisema "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia "Marahaba," kisha kila mmoja akatafuta mtu mwingine wa kuongea naye. Binti alisoma chuo cha ufundi, akafanya kazi kwa watu, hatimaye akarudi na kufungua kibanda chake nyuma ya mtaa wa wapasua mbao. Kazi yake ilikuwa kung'oa injini za petroli kwenye magari ya zamani na kuweka mota za umeme. Juu ya mlango alining'iniza kibao chenye neno moja: WAYA. Sikio alisikia habari za kibao hicho. Kuanzia hapo, kila alipokuwa na safari ya upande ule, alizunguka njia ya mbali.

Basi ikawa asubuhi moja akaja Mama Mikate. Mama huyu alikuwa na tanuri kubwa, na magari yake ya kusambaza mikate yalitengenezwa na Sikio tangu yakiwa mapya. Magari hayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa gereji. Bila hayo, Sikio asingeweza kuwaweka wale mafundi wake wawili hata kwa msimu mmoja, na alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alimfutia mama yule kiti kwa shati lake mwenyewe.

"Fundi," Mama Mikate alisema akiketi, "petroli inakula mikate yangu kabla ya wateja. Nimechoka. Magari mapya ya umeme siyawezi, lakini haya yangu mabodi yake ni mazima, umeyatunza mwenyewe. Nataka uyatoe matumbo, uyatie ya umeme. Mota na betri za gari la kwanza nimeshanunua, zinakuja."

Sikio alikuna kidevu. Mama Mikate hakumngoja.

"Anza na lile kongwe. Likinipendeza, yote ni kazi yako. Tena wenye magari ya maziwa na ya maji wananiangalia mimi, nikienda wataenda. Lisiponipendeza, nayauza yote, nitakodi ya watu wenye mafundi wao. Sharti langu moja tu: mpwa wako awemo. Nasikia ndiye anayeijua kazi hii."

"Yumo, mama," alijibu Sikio bila kupepesa macho. "Yule si mtu baki. Ni damu yangu."

Uongo ule ulimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa. Jioni, walipokuwa mezani, mke wake alimtazama akitafuna.

"Kwa hiyo utakwenda lini kwa mtoto?"

"Kwenda kufanya nini? Vifaa vina karatasi ya maelekezo ndani."

"Baba watoto, wewe hata maelekezo ya dawa ya kikohozi husomi. Unakunywa kwa kukisia."

"Na nimepona, sijapona?"

"Umepona kwa neema." Mkewe alimwongezea mchuzi. "Unakitaka kilichoko mvunguni na kuinama hutaki."

"Mimi? Maisha yangu yote nimeinama chini ya magari, mgongo wenyewe shahidi."

"Chini ya magari, ndiyo," alisema mkewe, akaendelea kula.

Vifaa vilipofika Sikio aliwakusanya mafundi wake, wakafunga minyororo, wakaivuta injini ya lile gari kongwe kwa winchi. Ilipokuwa ikining'inia hewani ikidondosha oili, alivua kofia. Injini ile alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko alivyofungua sanduku lake la nguo. Aliiweka pembeni, akaifunika turubai, kisha akaanza kazi, na kazi ya chuma haikuwahi kumshinda. Alichonga vishikizo vya mota kwa mkono, akaviunganisha na giaboksi bila kuacha hata upenyo wa ukucha. Betri alizitengenezea fremu imara kama ya kitanda cha harusi. Mafundi wake waliitazama kazi ile wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ilipofika zamu ya nyaya, mambo yalibadilika. Sikio aliibandika ile karatasi ukutani, akawa anafuata picha: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mmoja wa mafundi alikohoa.

"Mzee, tusimwite Waya aje atupie jicho tu?"

"Atupie jicho nini? Wewe ukila ugenini unamwita mtu atupie jicho sahani yako?"

Fundi akarudi kwenye spana zake.

Asubuhi ya kulijaribu gari ikafika. Mama Mikate alikuwa ameahidi kupita. Sikio alivaa ovaroli safi, akakaa nyuma ya usukani. Gari lilikuwa kwenye gia ya kwanza, kwa kuwa sakafu ya pale iliteremka kidogo na magari yote huachwa kwenye gia yasije yakajiondokea. Alikanyaga klachi kama kawaida, akazungusha ufunguo, akatega sikio.

Kimya. Kitaa kidogo cha kijani kiliwaka mbele yake, lakini kitaa si sauti, na Sikio hakuwahi katika maisha yake kuamini kitu kisicho na sauti. Alizungusha tena. Kimya kile kile. "Halijawaka," aliwatangazia mafundi wake, akaachia klachi. Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa kabureta hufanya injini ikigoma: alikanyaga pedali ya mafuta mara mbili kwa nguvu, ili kulipatia petroli kidogo lichangamke.

Sasa, ukweli ni kwamba gari lilikuwa limewaka tangu mwanzo. Kazi yake ilikuwa imefaulu. Tatizo ni kwamba alifaulu bila kujua. Gari liliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Sikio alirukia breki, akaikuta ngumu kama jiwe, kwa sababu kilichokuwa kikiisaidia breki hiyo miaka yote ni mvuto wa hewa wa ile injini aliyoing'oa kwa mikono yake, na hilo, yeye fundi wa miaka yote hiyo, alikuwa amelisahau. Bati likapiga ukelele, likapasuka, na pua ya gari ikaingia kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa na wembe hewani na mteja mwenye povu upande mmoja wa uso. Wote wawili walikuwa wazima. Vumbi lilipotulia, kinyozi alimtazama Sikio kupitia kioo cha mbele cha gari.

"Karibu, fundi," alisema. "Kuna foleni kidogo, lakini naona una haraka."

Mama Mikate alifika wakati mafundi wakilisukuma gari kulirudisha nyuma. Alitazama tundu la ukutani, akatazama taa iliyovunjika. Hakupandisha sauti.

"Mpwa wako yuko wapi?"

Sikio alianza kuokota vipande vya kioo cha taa.

"Mimi tanuri linaniunguzia mikate mara kwa mara, siwezi kukucheka kwa ukuta," mama alisema. "Ila nimeuliza mpwa wako yuko wapi. Mwisho wa wiki nitarudi. Nikimkuta, tutaongea. Nisipomkuta, nakuja na gari la kulivuta hili, na mengine hutayaona tena."

Alipoondoka, Sikio alikaa kwenye mojawapo ya vile viti vya magari yaliyokufa. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayopandisha joto masikioni. Haikuwa aibu ya ukuta. Ilikuwa ya kusimama mbele ya mteja wa miaka na miaka akiwa mwongo. Mafundi wake wawili walijifanya wanatafuta spana iliyopotea, na kuwaona hivyo kulimchoma zaidi, kwa sababu alijua wanachokitafuta hasa ni neno lake. Aliondoka bila kuaga, na safari hii hakuzunguka njia ya mbali.

Kibanda cha Waya kilinukia maranda ya mbao kutoka kwa majirani. Ndani mlikuwa safi kupita gereji yoyote aliyowahi kuiona. Gari dogo lilikuwa limeinuliwa kidogo kwa jeki na vigingi, na chini yake mlitokeza miguu miwili yenye viatu vya mpira.

"Hodi," alisema, funguo za kiunoni zikilia.

"Karibu, nipo huku chini." Kiatu kimoja kilisogea. "Mlio wa funguo hizo naujua. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Sikio alisimama akingoja binti atoke, kama ilivyo desturi mkubwa anapofika. Miguu haikutoka.

"Samahani, mjomba, nimeshikilia kitu hapa, nikikiachia kitaniangukia. Kama una neno, lilete huku."

Sikio aliutazama mlango. Ulikuwa wazi na nje palikuwa na jua zuri. Mtu angeweza kutoka na kusema hakumkuta. Hatimaye aliushika ubavu wa gari, akateremka goti moja, likalia. Akateremka la pili, mgongo ukalalamika. Akainama hadi shavu lake likakaribia saruji. Huko chini alimwona binti wa dada yake, uso una vumbi, mkononi kile kipande cha waya.

"Nimekuja kukuomba," alisema, na akashangaa kwamba akiwa ameinama vile maneno yalitoka kwa urahisi. "Lakini kwanza lile nililokuambia. La kabati lenye magurudumu. Nilikosea kulisema, na nilikosea zaidi kulisema mbele ya watu wakakucheka. Ulikuwa umeniletea jambo la maana, mimi nikalifanya mzaha. Naomba unisamehe."

Waya alikaza kitu alichokuwa amekishika, kikakaa mahali pake. Alilala akimtazama mjomba wake.

"Nasikia kabati limepita ukutani."

"Limepita. Hadi kwa kinyozi."

"Yule mteja ametembea mtaa mzima na ndevu upande mmoja akisimulia." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. "Mjomba, zile betri uliziunganisha mwenyewe? Ulivaa glavu?"

"Glavu za nini?"

Macho ya binti yalijaa machozi, akayafuta kwa kiwiko na kujipaka vumbi zaidi.

"Injini ikikukosea inakuunguza mkono," alisema. "Betri zile haziunguzi mkono, zinamchukua mtu mzima mzima. Ningekuja kukuzika huku bado nimekununia. Ningeishi nalo vipi?"

Sikio alinyoosha mkono wake mweusi kwa oili, akamshika bega.

"Nifundishe," alisema.

"Kwangu kila mgeni anaanzia chini, mjomba."

"Nitazame. Nishaanza."

Kesho yake Waya aliingia gereji ya mjomba wake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mafundi wawili walimsalimia kwa furaha isiyofichika, na mmoja alimpangusia kiti asichokikalia. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzitenganisha betri. La pili, alivua kile kipande cha waya mkononi mwake, akamwambia Sikio naye avue kila chuma alichonacho mwilini. Saa ikatoka, funguo zikatoka. Pete ya ndoa ilikataa. Ilikuwa imekaa pale tangu siku ya harusi na kidole kilikuwa kimenenepa juu yake. Ikabidi itafutwe sabuni. Jioni aliporudi nyumbani, mkewe alikitazama kidole.

"Umevua pete? Na huyo gari jina lake nani?"

"Ni sheria ya kazi, mke wangu. Ameamuru mtoto."

Mkewe aliacha alichokuwa akifanya. Alipoelewa kwamba amekwenda kwa mpwa wake, alimpikia vizuri siku hiyo na hakutaja mvungu hata mara moja, jambo ambalo kwake lilikuwa ni kujinyima kukubwa.

Sheria iliyomtesa Sikio kuliko zote ilikuwa ya mkono mmoja. Waya alimfundisha kwamba anapopima penye umeme mkali, mkono mmoja ufanye kazi na mwingine ukae mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuupitia moyo. Mtu aliyezoea kuzamisha mikono yote miwili ndani ya injini kama anayekanda unga anaambiwa aweke mmoja mfukoni! Kila mara ulichomoka wenyewe, na kila mara Waya alisema, "Mkono, mjomba," kwa sauti ile ile ambayo zamani yeye alimwambia, "Nati, binti." Mwanzoni mafundi walitazamana wakibana vicheko. Baadaye nao walianza kutia mikono mfukoni.

Waya naye alizunguka gari akipima na kukagua. Nyaya nyingi alizifungua, akaziwekea ngao na fyuzi, akaweka swichi ya kukata umeme wote kwa pigo moja. Kwa ajili ya breki walifunga pampu ndogo ya kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na injini. Lakini alipofika kwenye vishikizo vya mota alipitisha kidole taratibu, akarudia tena.

"Hii kazi umeifanya kwa mkono?"

"Kwa tupa na macho."

"Mimi hapa huwa nawalipa watu wa mashine, na bado inatetemeka." Alitikisa kichwa. "Hii haitikisiki kabisa."

Sikio alijifanya anatafuta kitambaa. Alikuwa amesifiwa na watu wengi maishani, ila sifa ile ilimwingia mahali pengine.

Mwisho wa wiki Mama Mikate alitokea kama alivyoahidi. Kabla hajaketi, Sikio alimwendea.

"Mama, nilikudanganya. Siku ile nilipokuambia yumo, hakuwemo. Nilikuwa nimemfukuza kwa mdomo wangu zamani. Nimemwendea, amenisamehe. Sasa yumo, na gari hili fundi wake mkuu ni yeye. Mimi ni mwanafunzi."

Mama Mikate aliwatazama wote wawili kwa zamu, akaingia kwenye gari. Waya akashika usukani, Sikio akapanda nyuma, palipokuwa pakipangwa mikate.

"Haya, liwashe," mama alisema.

"Limewaka, mama."

"Limewaka wapi? Mbona sisikii kitu?"

"Hata mimi sikusikia," Sikio alisema kutoka nyuma, "muulize kinyozi."

Wakatoka gereji, wakaingia barabarani, wakapanda mlima ambao gari lile siku zote liliupanda likikohoa kama mvuta tumbaku. Safari hii lilipanda kimya, na Mama Mikate akawa anachungulia dirishani kuhakikisha kwamba ni wao wanaokwenda na si nyumba zinazorudi nyuma. Walipoanza kushuka, Sikio alifumba macho kwa mazoea tu. Kisha akainua mkono.

"Simamisha."

Waya alisimamisha. "Kuna nini?"

"Gurudumu la nyuma, upande wangu. Beringi inasagika. Inalia kama panya ndani ya gunia."

"Mimi sisikii chochote," alisema Waya.

Wakarudi gereji, wakaliinua gari kwa jeki, wakalishika gurudumu. Lilicheza. Si sana, lakini lilicheza, na gurudumu linalocheza siku moja huaga mwenzake barabarani. Sikio alikuwa amechutama pale, ameduwaa.

"Gari hili nimelisikiliza tangu jipya," alisema polepole. "Sauti hii sijaisikia hata siku moja. Injini ilikuwa inapiga kelele juu yake. Kumbe nilikuwa nasikia mmoja tu katika watu wote waliokuwa wakizungumza humu."

Waya alikwenda kwenye ukuta, akaitungua ile bisibisi ndefu, akarudi na kupiga magoti kando ya mjomba wake juu ya saruji nyeusi. Alimwashiria fundi mmoja alizungushe gurudumu, akaigusisha ncha, akauweka mpini sikioni.

"Nifundishe," alisema.

"Funga macho. Ngoja usikie kwanza mlio laini, halafu utafute kilicho chini yake. Na usiuli..." Sikio alijikatiza. Maneno ya sheria ya zamani yalikuwa yamefika kwenye ulimi, akayameza. "Uliza chochote unachotaka, mwanangu."

Mama Mikate aliwatazama wawili wale waliopiga magoti, vichwa vimegusana, wakisikiliza gurudumu kama watu wanaosikiliza mtoto akipumua. Alichukua mkoba wake.

"Niliagiza mafundi wawili," alisema. "Naona nimepata mmoja na nusu, ila nusu ni nani sijui. Leteni hili likishapona, mje mchukue jingine."

Na hivyo ndivyo yalivyogeuzwa yote, moja baada ya jingine. Magari ya mikate yalianza kuzunguka alfajiri kwa ukimya mkubwa hata wenye maduka wakalalamika kwamba hawasikii tena mkate ukifika. Ikabidi madereva wapige honi. Baadaye yalikuja magari ya maziwa, yakafuata ya maji, kisha ya watu wa kawaida ambao hawakutaka kutupa bodi nzima kwa sababu ya injini mbovu. Bati lililopasuka halikuzibwa. Lilikatwa vizuri, likafanywa mlango, na kinyozi akawa ananyoa wateja wanaongoja magari yao. Kibao cha WAYA kililetwa na kutundikwa pale, na kando yake Sikio alipigilia bisibisi nyingine, ya zamani isiyotumika tena. Mafundi wake wawili hawakwenda popote, waliongezewa wenzao.

Beseni la kuoshea nati bado lipo, lakini juu yake zimening'inizwa glavu, na mgeni anayeanza kazi siku hizi huambiwa aulize mpaka achoke. Wengi huanza kwa kuuliza jambo moja: fundi huyu mwenye mvi, aliyezaliwa na kukulia kwenye petroli, elimu ya umeme aliipata chuo gani? Sikio huwaambia kwamba hakuipata chuoni. Aliiokota sakafuni, siku alipopiga magoti hadi shavu likakaribia saruji. Mkewe, akiwepo, hutazama pembeni akitabasamu, kwa kuwa alilisema mapema na hakusikilizwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame.